Mwalimu na Nchi Yake

Tarehe 14 Juni 1970, katika mji wa Guadalajara nchini Mexico, timu ya Peru ilikutana na Brazil katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Mwalimu wa Peru alikuwa Mbrazil. Waldyr Pereira, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Didi, ndiye aliyekuwa kiungo wa Brazil ilipotwaa Kombe hilo mwaka 1958, na tena 1962. Mário Zagallo, mwalimu wa Brazil siku hiyo, alicheza pamoja naye katika fainali zote mbili. Na Pelé, aliyekuwa uwanjani, alikuwa kijana wa miaka 17 tu wakati Didi alipokuwa nguzo ya timu ile. Je, yafaa mtu autumie ujuzi alioupata kwao ili kuwashinda watu wa kwao?

Wako watakaosema kwamba Didi alikuwa mtu wa mshahara, na neno limekwisha. Jibu hilo halitoshi. Askari wa kukodiwa naye hulipwa, wala hatumsifu kwa hilo. Wengine watasema huu ni mchezo tu. Hao, nadhani, hawajapita katika mji ambao timu yake imefungwa jana.

Yatupasa kwanza kutenga mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa, nayo ni siri na ujuzi. Siri ni mali ya yule aliyeitoa, na mwenye kuipeleka kwa wengine ni mhaini hata asipopokea senti. Ujuzi ni wa aliyeuhangaikia. Katika ujana wake Didi aliugua goti hata akakaribia kukatwa mguu. Mkwaju wake wa adhabu, ambao Wabrazil waliuita jani kavu kwa kuwa mpira ulipaa kisha ukaanguka ghafula, hakupewa na serikali yoyote. Ni kweli kwamba hakuna ajifunzaye peke yake, naye alikuwa na deni kwa wenziwe. Walakini deni la elimu halilipwi kwa kuificha.

Katika fainali ya mwaka 1958 Sweden ndiyo iliyotangulia kufunga. Didi aliuchukua mpira akautembeza polepole hadi katikati ya uwanja, ili wenziwe watulie; nao wakashinda 5–2. Katika lugha yetu kocha twamwita pia mwalimu, na mtu huyu alistahili jina hilo kabla hajaiona Lima.

Sasa tuwatazame wanafunzi wake. Tarehe 31 Mei 1970 tetemeko la ardhi lilipiga Peru, na watu wapatao 70,000 wakafa. Siku mbili baadaye vijana wale, wakiwa mbali na kwao, walikuwa nyuma kwa mabao mawili mbele ya Bulgaria, kisha wakashinda 3–2. Watu waliomwamini mwalimu wao katika saa kama ile walimdai nini? Walimdai yote aliyoyajua. Angaliweka akiba hata hila moja kwa ajili ya nchi aliyozaliwa, hapo ndipo tungalisema amehaini, tena amewahaini wasio na njia ya kumgundua. Aliyoyatamani moyoni siku ya Guadalajara hayatuhusu, moyo hauamriki. Mkono hauna udhuru huo.

Peru ilifungwa 4–2. Nimepata kusikia hoja kwamba kuwaacha vijana wale washambulie waziwazi mbele ya Brazil kulikuwa zawadi kwa Wabrazil. Sikubaliani nayo. Kwa mchezo huo huo walikuwa wameiondoa Argentina mwaka 1969, kwa sare ya 2–2 huko huko Buenos Aires, na mwalimu ambaye angaliugeuza siku ya kukutana na ndugu zake ndiye angalistahili kutiliwa shaka. (Ajabu ni kwamba miaka miwili baadaye Didi alikuwa Buenos Aires, akiifundisha River Plate.)

Teófilo Cubillas, aliyefunga bao la pili la Peru siku ile, alikuwa na miaka 21. Mwaka 1978, Didi akiwa ameondoka Peru zamani, Cubillas alirudi katika Kombe la Dunia akafunga mabao matano, sawasawa na aliyoyafunga Mexico.