Tope la Mto ni Haki ya Nani?



Kila aliyesoma jiografia anajua ya kuwa mto hauleti baharini maji matupu. Huchukua udongo wa milimani, huuvuta safari ndefu, na ufikapo penye nchi tambarare, mwendo ukiisha kupungua, huutua. Haba na haba hujaza kibaba: kwa maelfu ya miaka tope hilo hufanya nchi mpya, nayo ndiyo tuiitayo delta.

Lakini somo hili lina sehemu ya pili, ambayo mara nyingi haifiki darasani. Nchi iliyofanywa na tope haiwezi kudumu bila tope. Udongo wake hushindiliwa na uzito wake wenyewe na kudidimia kidogo kidogo, na mawimbi humega ukingo wake kila siku. Mto ukileta tope jipya, pengo huzibwa. Mto ukizuiwa, bahari huendelea kula, wala hakuna wa kurudishia.

Basi twauliza: watu wakijenga bwawa kwa faida ya taifa zima, nalo likazuia tope, je, wamemdhulumu yule akaaye mlangoni pa mto?

Tutazame Misri kwanza. Bwawa kuu la Aswan lilianza kujengwa mwaka 1960, likaanza kuzuia maji mwaka 1964, likamalizika mwaka 1970. Yatupasa kusema kweli juu ya faida zake. Liliipa nchi umeme, likakomesha mafuriko ya kila mwaka, na katika ukame mkali wa miaka ya 1980 akiba yake iliwaepusha Wamisri na njaa. Lakini mto Naili ulikuwa ukipitisha zaidi ya tani milioni 100 za tope kwa mwaka, na sasa karibu lote limelala chini ya ziwa la bwawa, mahali lisipomfaa mkulima wala mvuvi. Pwani ya delta ilikuwa imekwisha kuanza kumegwa kabla ya hapo, ila baada ya bwawa mambo yalizidi. Karibu na mji wa Rashid bahari iliingia nchini kiasi cha mita 100 kwa mwaka kwa miaka kadhaa, hata ikabidi kujenga kuta kubwa za kuizuia. Dagaa waliokuwa wakifuata maji ya mafuriko walipungua mno mara moja, na ilichukua miaka mingi hata uvuvi ukapata nafuu. Wakulima nao hununua mbolea badala ya ile waliyoletewa na mto bure.

Wengine hujibu: tope si mali ya mtu. Hakuna aliyeliandikia hati, wala mto haukumwahidi mtu neno. Jibu hili latushinda kulikubali. Mtu aliyejenga nyumba yake, shamba lake na maisha ya watoto wake juu ya kitu ambacho mababu zake walikipokea kila mwaka, hawezi kuambiwa kwamba hakunyang'anywa kitu kwa sababu tu hana karatasi. Mto haukuahidi, ni kweli. Lakini aliyeuzuia si mto, ni mwanadamu, na mwanadamu huulizwa.

Wengine husema: wenye kujenga hawakujua. Hata hili lina mipaka. Bwawa la kwanza la Aswan, lililofunguliwa mwaka 1902, lilikuwa na milango 180. Wakati wa mafuriko iliachwa wazi ili maji yenye tope yapite, ndipo maji yaliyo safi yakawekwa akiba. Kwa hiyo wahandisi walijua thamani ya tope tangu zamani. Bwawa kuu lilitakiwa kuweka akiba ya miaka mingi, na kazi hiyo haikuruhusu tope kupita. Walichagua, na huenda walichagua vema. Ila kuchagua si sawa na kutojua.

Jambo hili liko karibu nasi. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza ukaanza kutoa umeme mwaka 2024. Mitambo yote tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Chini yake kuna bonde la mpunga, na kilimo cha mlau kinachongojea maji yapungue ndipo watu wapande katika udongo mbichi. Na chini zaidi kuna delta yenye mikoko mingi na kamba. Umeme huonekana siku ile ile taa inapowaka. Kumegwa kwa pwani huja polepole, kwa miongo ya miaka, hata aliyeumia asijue amshitaki nani.

Hatusemi mabwawa yasijengwe. Hospitali zahitaji umeme, na shule pia. Wachache waweza kuombwa wavumilie kwa ajili ya wengi; lakini kuomba ni kumwendea mtu, kumweleza na kumsikiliza, si kumnyamazia. Kwa hiyo wanufaikao wana wajibu wa namna tatu: kupima kila mwaka hali ya mto na pwani, si hali ya mitambo peke yake, kufungulia maji kwa majira yatakayowafaa watu wa chini, na kutenga sehemu ya mapato ya umeme kwa ajili ya wale watakaopoteza.

Tungefurahi kuona jambo hili likizungumzwa katika vikundi vyetu. La msingi kwetu ni hili: anayenufaika huko juu asimwachie anayeumia huku chini kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia.