Tulimpigia Makofi Nani?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Litembo, msimu wa kuchuma kahawa. Jumuiya yetu ilichangia familia moja ambayo baba yao alikuwa amelazwa. Kwa kuwa mimi ni frateri, nikapewa daftari nisome. Fulani, elfu ishirini. Makofi! Fulani, elfu kumi. Makofi! Nikafika kwa bibi mmoja mjane: maharage, sado moja. Kimya. Halafu mtu akacheka, na mimi nikatabasamu. Jumamosi iliyofuata bibi hakuja.

Nimesoma falsafa miaka mitatu, lakini swali hili limenikaa kooni: tulimpigia makofi nani? Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha katika Summa Theologiae kwamba vile tulivyo navyo kupita mahitaji yetu ni haki ya maskini, kwa sheria ya maumbile. Basi anayetoa katika ziada yake analipa deni. Anafanya vema kabisa, ila nani hupigiwa makofi kwa kulipa deni? Bibi alitoa kwenye sufuria yake. Yesu alimwona mjane wa namna hiyo hekaluni (Mk 12:41-44). Mimi nilikuwa na jina lake mkononi, na sikumwona.

Utasema, "Frateri, majina yasiposomwa, hela zitaliwa." Ni kweli, uwazi ni lazima. Lakini mhazini anaweza kuandika, akahesabu mbele ya mashahidi, kisha jumla ikatangazwa. Tukumbuke pia kwamba mama mwenye mgonjwa alikuwa amekaa palepale, akisikia shida yake ikinadiwa.

Wazee wetu Wamatengo walikuwa na sengu: chakula kililetwa, kikaliwa kwa pamoja, na mambo ya ukoo yakazungumzwa hapo hapo. Mtu alikula kwa sababu ni wa pale, basi.

Nilikwenda kumwomba bibi msamaha. Akaniambia, "Mjukuu wangu, sikuleta ili nisomwe. Yule mama tunachota naye maji." Kisha akanipakulia ugali na maharage. Nilikula nimeinamisha kichwa.

Jumuiya yako ikichangisha wiki hii, toa. Kama una ziada, toa ukijua unarudisha. Na ukipewa daftari, soma jumla tu.

Ee Yesu, utufundishe kuona kabla ya kuhesabu. Amina.