Mjomba Akikuomba Umwangalizie Salio la Mtu

Nasaha ya leo ni ya vijana walioajiriwa benki hivi karibuni, hasa ninyi mnaokaa dirishani na mnaozunguka mitaani kuwafungulia watu akaunti. Wakubwa wenu nao wana fungu lao humu, nitawafikia.

Siku itakuja, kama haijaja, mjomba atakupigia simu. Utamwamkia, atakujulia hali, atasema umeutoa ukoo kimasomaso, kisha atashusha sauti. Kuna mtu amemkopesha, na kila akidai anaambiwa hali ngumu. Hebu mwangalizie tu kama mshahara wa yule bwana umeingia. Safari nyingine atakuwa shangazi, ana binti anayechumbiwa na anataka kujua mkwe mtarajiwa ana uzito gani. Au mke anayemtafuta mume aliyezima simu, naye anataka kujua pesa zimetolewa mji gani. Hakuna mwizi kati yao. Kila mmoja ana sababu, na nyingine zinachoma moyo. Nawe unaona ni kazi ya sekunde chache: andika jina, tazama skrini, jibu.

Mjibu hivi: "Hilo siwezi, mjomba, hata ingekuwa akaunti ya mama." Sema mapema, kwa adabu, bila kuzunguka. Usisingizie kwamba mtandao uko chini. Kesho atapiga tena kuuliza kama mtandao umerudi, na wewe utakuwa umeongeza uongo juu ya mtego.

Utauliza kuna ubaya gani kumsaidia mtu kudai haki yake. Wanafunzi wa sheria za benki wanaijua kesi ya Tournier. Bwana huyo alikuwa mteja wa benki moja Uingereza, akadaiwa kiasi kidogo tu, pauni 9 na shilingi kadhaa. Alikubali kulipa pauni 1 kila wiki, akaandika na jina la kampuni aliyokuwa akienda kuanza kazi kwa mkataba wa miezi 3. Malipo yakakatika. Meneja wa tawi akaipigia simu kampuni ile, akitaka kujua mteja wake anaishi wapi. Angeishia hapo, jina la Tournier lisingejulikana hata na wanafunzi. Lakini maongezi yakanoga. Meneja akadokeza kwamba bwana yule anadaiwa, tena hundi iliyoandikwa kwa jina lake imeishia mikononi mwa mchezesha kamari. Mkataba ulipokwisha, mwajiri hakuuendeleza.

Tournier alikwenda mahakamani, akashindwa, akakata rufaa. Katika miaka ya 1920 Mahakama ya Rufaa iliagiza kesi isikilizwe upya, na katika hukumu hiyo majaji wakaeleza wajibu wa benki kutunza siri za mteja wake. Wakataja milango minne tu ambayo siri inaweza kupitia: sheria ikilazimisha, wajibu kwa umma ukidai, maslahi ya benki yenyewe yakihitaji, au mteja mwenyewe akiridhia. Nchi zetu zilizorithi sheria za Kiingereza zilirithi na msimamo huo, kisha zikatunga sheria zao. Mjomba hayumo katika milango hiyo minne.

Ninapoisoma kesi hii kinachonigusa ni kwamba yawezekana meneja alisema kweli tupu. Deni lilikuwepo. Hundi ilikwenda alikosema. Wengi wetu tunadhani ukweli ni kinga, kwamba ukisema lililopo hujamkosea mtu. Masheikh wanatufundisha tofauti: kumsengenya mwenzako ni kumtaja kwa jambo asilopenda, hata kama analo kweli; ukimzulia, hilo ni kosa jingine kubwa zaidi. Kwa hiyo usijipime kwa kuuliza kama ulichokisema ni kweli. Jiulize kama kilikuwa chako kukisema.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika benki, kata ni wewe. Tukisikia taarifa za wateja zimevuja, tunamfikiria kijana aliyejifungia chumbani nchi ya mbali, akibonyeza kompyuta usiku kucha. Wapo, na wana madhara. Lakini tazama yaliyotokea Korea Kusini, habari iliyotangazwa Januari 2014. Kampuni tatu za kadi, KB Kookmin, Lotte na NongHyup, zilikutwa zimeibiwa taarifa za watu wapatao milioni 20, katika nchi ya watu milioni 50 hivi. Majina, namba za simu, namba za vitambulisho, namba za kadi. Mwizi hakuvunja mlango. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni inayokusanya taarifa za ukopaji, aliyeletwa awasaidie kujenga mfumo wa kugundua ulaghai. Alipewa kiti na ruhusa ya kuingia, akachomeka fleshi, akanakili, akaenda kuwauzia watu wanaotafuta wateja wa mikopo. Wakuu wa kampuni hizo walisimama mbele ya kamera wakainamisha vichwa kuomba radhi, na foleni za watu waliotaka kufuta kadi zao zikajaa matawini.

Utasema wewe na mtu yule hamfanani, na kwa ukubwa wa kosa ni kweli. Ila njia ilianzia mahali pamoja. Yeye naye aliamua kwamba kwa kuwa macho yake yanafika, basi mkono wake una ruhusa. Anayezoea kumwangalizia mjomba bure hujikuta siku moja anaangalizia mtu asiyemjua kwa elfu hamsini, na mtu huyo hatakuwa na deni la kudai. Atataka orodha: majina, namba za simu, nani amepokea mafao ya kustaafu wiki hii. Mzee aliyetumikia serikali maisha yake yote anapopigiwa simu na "afisa" anayekijua kiinua mgongo chake hadi shilingi ya mwisho, habari ile imetoka kwenye ofisi fulani, mezani kwa mtu fulani. Yawezekana mtu huyo hakushika hata senti ya wizi wenyewe. Kwangu mimi, ni mshirika.

Kuna uvujaji mwingine usio na nia mbaya, na huo ndio unaoniudhi zaidi kwa sababu ni uvivu tu. Nunua karanga mtaani uifungue karatasi iliyofungiwa: mara nyingine utakuta fomu ya mtu, ina jina, sahihi, namba ya kitambulisho na picha ya pasipoti iliyofifia. Ilitoka ofisini ikauzwa kwa kilo. Nenda steshenari kutoa kopi: kopi iliyotoka na kivuli inatupwa kwenye boksi chini ya meza, na vitambulisho ulivyotuma kwa WhatsApp ili vichapwe vinabaki kwenye kompyuta ambayo kila mteja anaikalia. Kwa wakala, daftari limefunguliwa juu ya kaunta, na wewe unayesubiri zamu unasoma majina na miamala ya waliokutangulia. Halafu wale vijana wa mwamvuli wanaosajili wateja barabarani. Anapiga picha kitambulisho cha mama lishe kwa simu yake mwenyewe, anaituma kwenye kundi la tawi "ili kuokoa muda", na jioni simu ile ile wanaichezea watoto nyumbani.

Kijana wangu, hapo huhitaji semina. Funika daftari. Chana fomu iliyoharibika vipande vidogo kabla hujaitupa. Mteja akiwa mbele yako na foleni nyuma yake, usimtajie salio kwa sauti ya muuza mitumba. Liandike kwenye karatasi, umsogezee, aone mwenyewe.

Sasa wakubwa. Ninyi mnaoweka malengo ya akaunti mia kwa mwezi bila kumpa kijana kifaa cha kazi, msishangae vitambulisho vya wateja vikilala kwenye simu yake. Na msimfungulie kila mfanyakazi kila chumba. Desjardins, taasisi kubwa ya fedha ya Québec huko Kanada, ilitangaza mwaka 2019 kwamba mfanyakazi wake alikuwa akitoa taarifa za wanachama. Kamishna wa faragha wa nchi hiyo alichunguza, akaona kwamba jambo hilo lilidumu miezi 26 au zaidi na kugusa watu karibu milioni 9.7. Mfanyakazi huyo hakuwa na ruhusa ya kufikia baadhi ya taarifa zile. Wenzake walikuwa wakizinakili kwa shughuli zao za kila siku na kuziweka kwenye folda ya pamoja, naye akazikuta hapo. Walikuwa wanafanya kazi zao kwa bidii, na bidii yao ndiyo iliyomwekea taarifa zile mezani.

Yakishatokea, semeni. Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za ukopaji, iligundua tarehe 29 Julai 2017 kwamba imeingiliwa. Umma uliambiwa tarehe 7 Septemba. Watu wapatao milioni 147 waliishi wiki hizo wakidhani siri zao ziko salama. Wenye ofisi watasema walikuwa bado wanachunguza wajue ukubwa wa tatizo, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini mteja aliyejua mapema angeweza kufunga mlango wake mwenyewe wakati ninyi mnachunguza. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hapa aliyevuliwa ni mteja, na anatembea sokoni hana habari. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu taasisi ijue kuna uvujaji wenye hatari ya kweli kwa mwenye taarifa. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Msiitafute sheria ili mjue ni muda gani mnaweza kunyamaza.

Kwa wateja sina mengi, maana mmechoka kuhubiriwa kana kwamba kosa ni lenu. Moja tu. Akikupigia mtu anayejua jina lako kamili, tawi lako na mkopo uliochukua juzi, kujua kwake kusikutulize. Zamani mambo hayo yalijulikana na benki pekee. Leo anaweza kuyajua yeyote aliyenunua orodha. Kata simu, bila kuona haya, kisha upige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi yako au uende tawini. Mfanyakazi wa kweli hatakasirika. Namba ya siri hakuna anayeruhusiwa kukuomba, hata meneja mkuu.

Narudi kwenu vijana, kwa jambo ambalo sijasikia likisemwa vya kutosha. Kazi ya benki siku hizi ni ya kuhamahama. Utapata nafasi nzuri zaidi benki ya jirani, na huko kitu cha kwanza watakachokuuliza, kwa tabasamu, ni wateja gani utakuja nao. Utakuwa na simu yenye majina mia mbili: wenye maduka, madaktari, yule mama wa hardware anayeweka pesa kila Jumatatu. Utajiambia kwamba ni marafiki zako, na wengine ni kweli. Lakini namba zao ulipewa ukiwa umevaa beji, na unayoyajua ya biashara zao uliyajulia kazini. Katika ile kesi ya Tournier, jaji mmoja, Atkin, alisema wajibu wa kutunza siri unaendelea hata baada ya akaunti kufungwa. Kama akaunti ikifungwa siri haifi, sioni kwa nini ife kwa sababu wewe umebadilisha tai.

Kwa hiyo wiki ya mwisho, kabla hujarudisha beji, kaa chini na simu yako. Picha za vitambulisho, futa. Jedwali ulilojitumia kwa barua pepe yako ili umalizie kazi nyumbani, futa, na kwenye kapu la taka pia. Toka kwenye makundi ya tawi. Mteja aliye rafiki wa kweli atakutafuta mwenyewe akisikia umehama. Na mwajiri mpya akikuuliza umekuja na nani, mwambie umekuja peke yako.