NDEGE WETU, AU WAO?



Kijana mmoja wa mji wetu anaishi London. Mwezi wa tano, akitoka kusali katika msikiti mkubwa ulio kando ya bustani ya Regent's Park, alikuta watu wamesimama penye ziwa, wazee kwa watoto, darubini mikononi, macho yote juu. Akamuuliza mzee mmoja wanatazama nini. Akajibiwa: «Ndege wetu wamerudi.»

Ni ndege mweusi, mabawa kama mundu, gramu 40 hivi. Anafanana na mbayuwayu lakini si yeye, anaitwa teleka. Huko anakaa miezi mitatu tu, analea watoto ndani ya matundu ya nyumba za zamani, kisha anaondoka. Wataalamu waliwafunga baadhi yao vyombo vidogo mgongoni, wakakuta kwamba wengi wanakuja juu ya misitu ya Kongo. Mwaka 2016, watafiti wa Sweden walieleza kwamba wengine wanakaa hewani miezi kumi bila kutua.

Kijana alinipigia simu akicheka: «Mwalimu, wanasema ni wao, kumbe ni wetu!» Nilicheka naye. Lakini baadaye nilijiuliza: wetu kwa haki gani? Nimepita miaka hamsini, nao wanapita juu yetu kila mwaka, na sijainua kichwa hata siku moja.

Mtu atasema: mwenye njaa hana nafasi ya kutazama ndege. Ni kweli, njaa inainamisha kichwa. Lakini kutazama hakuna bei, na kitu usichokijua utakilindaje?

Wale wa London nao wasijisifu. Wanamtazama sana, lakini wakitengeneza mapaa wanaziba matundu yake. Mwaka 2021 aliingizwa Uingereza katika orodha ya ndege walio hatarini zaidi. Kumbe mtu anaweza kumshangilia mgeni huku amefunga mlango.

Basi ndege huyu si wao wala si wetu. Ni amana ya Mwenyezi Mungu, imepita mikono miwili. Wao wataulizwa juu ya matundu. Sisi tutaulizwa juu ya msitu. Mvua za mwezi wa tisa zikirudi, tuinue vichwa kwanza, ndipo tuseme «wetu».