Kupanda na Kupandishwa

Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa mambo mawili yasiyolingana. Mtu aliyetoka Moshi mjini hadi Kibosho kwa miguu, pumzi juu juu, tunasema amepanda. Aliyekaa ndani ya Hiace akisinzia, miguu juu ya gunia la mwenzake, naye tunasema amepanda. Lugha imewasawazisha. Mimi nashindwa, na swali linanikaa kooni: je, aliyepandishwa naye amepanda?

Swali hili limenijia kwa njia ya reli. Mimi ni mtoto wa Kahe, stesheni ya tambarare ambako reli iliyojengwa na Waingereza kutoka Voi, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuja kuungana na ile ya Wajerumani kutoka Tanga. Sisi watoto wa stesheni tunajua jambo moja: treni haipendi mlima. Gurudumu la chuma juu ya chuma likikutana na mwinuko mkali linateleza tu. Ndiyo maana reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911 ilikomea miguuni pa Kilimanjaro. Baadaye ikasogezwa hadi Arusha, lakini kwa kuambaa chini, si kwa kupanda juu. Kuanzia stesheni kwenda Uru, Kibosho na Old Moshi, mzigo ulihamia vichwani na migongoni mwa watu.

Kumbe dawa ya kuteleza ilikuwa imeshapatikana. Ni reli ya meno. Katikati ya vyuma viwili vya kawaida hulazwa chuma cha tatu chenye meno, na chini ya treni hufungwa gurudumu lenye meno yanayoumana nacho. Mhandisi Niklaus Riggenbach alipandisha treni ya namna hiyo Mlima Rigi, Uswisi, mwaka 1871. Mwaka 1889 ikafunguliwa nyingine hukohuko, Mlima Pilatus, ambako penye ukali kuliko pote treni hupanda karibu mita 48 kwa kila mita 100. Na meno yale yale yanayoivuta kwenda juu ndiyo yanayoizuia isiporomoke inapoteremka.

Hizo ni za watalii. Inayonivutia mimi ni ya Stuttgart, mji wa Ujerumani uliolala bondeni na kuparamia vilima vyake. Tangu 1884 reli ya meno inawapandisha watu wa mji wenyewe hadi Degerloch, na siku hizi inaanzia Marienplatz. Wanaokwenda kazini wamo, wanafunzi wamo, hata baiskeli zina kigari chao cha wazi mbele ya treni. Hebu fikiria, ndugu msomaji, kitu kama hicho kikianzia stesheni ya Moshi, kikapenya migomba polepole, meno yanasaga, abiria wanaiona theluji ya Kibo dirishani huku miguu yao imepumzika!

Nilipolitoa wazo hili kijiweni kwa wenzangu tunaoandika, nilirukiwa. "Huo ni uvivu wa kizungu," mmoja akasema. "Mlima usioulipia jasho si wako." Sikumpuuza. Hoja yake ina nguvu. Anayepanda kwa miguu huijua njia, na anayeletwa hujua kituo tu. Hata mwili unalishuhudia hilo. Waongoza watalii wa Kilimanjaro hawasemi "pole pole" kwa mapambo. Kibo ina mita 5,895, na ukipandishwa juu upesi mno kichwa kinapasuka, tumbo linakataa, na wapo waliokufa hivyo. Taabu ina elimu yake.

Lakini yule bwana ni kijana wa mjini anayepanda mlima akitaka. Nikaenda kumuuliza shangazi yangu aliyeolewa Kibosho, ambaye kwa miaka mingi aliteremka soko la Mbuyuni na mkungu wa ndizi kichwani na kurudi juu na mafuta ya taa na chumvi. Nikamweleza reli ya meno, nikachora na kijiti mavumbini. Akatazama, akaniuliza swali moja tu: "Na mzigo nao, mwanangu, unalipiwa nauli?"

Hapo nikaelewa kwamba kijiweni tulichanganya majasho mawili. Lipo jasho la hiari na lipo jasho la lazima. Nenda lango la Marangu asubuhi uyaone kwenye njia moja. Mtalii amelipa fedha nyingi ili atoke jasho. Nyuma yake anakuja mgumu, mpagazi, na furushi la kilo 20, naye analipwa ili atoke jasho. Wote wawili wanapanda. Ukiwatungia shairi moja la kusifu taabu, umemtukana mmoja wao.

Msidhani basi kwamba jibu ni mashine tu. Mwaka 2019 serikali ilipotangaza kwamba inafikiria kuweka gari la kebo Kilimanjaro, kibanda kinachoning'inia kwenye waya, waliopinga kwa sauti kubwa ni wapagazi wenyewe. Furushi linalowavunja mgongo ndilo linalowapa ugali. Mashine ya Stuttgart inamwondolea mzigo yule asiye na budi kupanda. Waya wa Kilimanjaro ungemwondolea taabu yule aliyeichagua, na kumwondolea mpagazi mshahara. Kwa hiyo siulizi tena kama kupandishwa ni halali. Nauliza nani amepewa kiti, na aliyekuwa akibeba amewekwa wapi.

Na swali hilo linatugusa sisi wenye kalamu kuliko tunavyopenda. Kwenye miteremko ile wamesoma wengi kwa kahawa iliyobebwa kichwani hadi ghala la ushirika, tangu KNCU ilipoanzishwa mwaka 1933. Ada yangu ya sekondari iliteremka Mbuyuni kwenye kichwa cha shangazi, mkungu mmoja mmoja. Nimefika hapa nilipo, nasoma, naandika, watu wanasema kijana amepanda. Sijapanda, nimepandishwa. Sioni aibu kusema hivyo. Aibu ni kushuka kituoni, kujipangusa vumbi, kisha kuwahubiria walio njiani uzuri wa kutembea.

Ndugu mwandishi mwenzangu, siku nyingine ukitaka kulisifu jasho, sifu. Ila utuambie ni la nani, na kama mwenyewe aliulizwa. Shangazi siku hizi magoti hayamruhusu tena kufika Mbuyuni, na ndizi bado ziko juu.