Je, Huruma Inaweza Kuwa Kosa?



Ndugu msomaji, mwezi Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliingia wilaya ya Kasese kutoka Kongo akiwa na jamaa zake. Walikuwa wamekwenda kule kwa sababu ya babu yake, ambaye mama wa mtoto alimuuguza mpaka Ebola ikamuua. Mtoto alipoanza kuumwa walimpeleka hospitali ya Kagando. Wahudumu wa pale walishuku ugonjwa mapema, wakamhamishia Bwera, na tarehe 11 Juni maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe ikathibitisha kwamba ni Ebola. Mtoto yule alifariki. Bibi yake akafuata, kisha mdogo wake.

Ni rahisi kwa sisi tuliokuwa mbali kunyoosha kidole: kwa nini walikwenda kule? Kwa nini walirudi? Lakini tazama walichofanya. Binti alimuuguza baba yake. Jamaa waliandamana naye. Mtoto alipougua, alipelekwa hospitali. Hayo yote tumefundishwa tangu madrasa kuwa ni mambo mema: kuwatendea wema wazazi, kuunga undugu, kumzuru mgonjwa. Basi swali letu ni hili: tendo jema likipitisha mauti, linageuka kuwa kosa?

Kabla ya kujibu, tuangalie kirusi chenyewe kinavyofanya kazi, kwa sababu humo mna somo.

Kirusi hakina uhai wa kujitegemea. Ili kizaliane lazima kiingie ndani ya seli, na seli haimfungulii kila anayebisha. Ebola hutumia hila. Utando wake wa nje hubeba alama ambayo kwa kawaida huonekana kwenye seli inayokufa. Mwili una seli ambazo kazi yake ni kuokota seli zilizokufa na kuzisafisha, na seli hizo hizo ni walinzi wa kwanza wa kinga yetu. Zikiiona alama ile, huimeza Ebola kama zinavyomeza maiti ya jirani. Ndani ya kijifuko kilichoimeza, kirusi hushika protini ambayo seli huitumia kusafirisha kolesteroli, na kwa mlango huo hupenya hadi ndani kabisa. Kisha hunyamazisha king'ora: protini yake moja huficha alama ambazo zingeishtua seli, na nyingine huzuia ujumbe wa interferoni usifike kwenye kiini. Jirani hawapati habari mpaka nyumba imeshaungua.

VVU navyo vina hila ya namna hiyo. Huingia katika seli za CD4, zile zinazoongoza jeshi la kinga, na kujiandika ndani ya maandishi ya urithi ya seli. Baadhi ya seli hizo hulala kimya kwa miaka, na dawa za kupunguza makali haziwezi kumfikia aliyelala. Ndiyo maana dawa hazikatizwi.

Sasa rudi Bwera. Ebola iliingia mwilini kupitia kazi ya kusafisha wafu, na iliingia katika familia kupitia kazi ya kuuguza. Mlango ni ule ule: mlango wa wema. Je, mwili ungepona kwa kuacha kusafisha seli zake zilizokufa? Hapana, ungeoza ukiwa hai. Vivyo hivyo jamii inayoacha kuuguza wagonjwa wake haijajikinga. Imekufa kwa njia nyingine. Kwa hiyo kosa halikuwa katika huruma. Lililopungua ni ujuzi wa kumtambua adui aliyevaa vazi la jirani.

Hilo ndilo chanjo inalofanya. Chanjo ya Ebola huuonyesha mwili protini ya juu ya kirusi bila kirusi chenyewe, ili siku kikija kitambulike. Haiufundishi mwili kuwa mkatili, inaufundisha kutambua. Kabla ya mtoto yule kufika, karibu wahudumu wa afya 4,700 wa Uganda walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Waliweza kumkaribia, kumhudumia na kurudi salama kwa watoto wao. Katika tukio lile hakuna mtu aliyeambukizwa ndani ya Uganda. Na mwezi Agosti mwaka huo huo, msichana wa miaka tisa kutoka Kongo alitambuliwa kuwa na dalili pale pale kwenye ukaguzi wa mpakani Mpondwe, akapelekwa Bwera na kuhudumiwa. Alifariki, Allah amrehemu, lakini hakufukuzwa wala hakuachwa.

Dini yetu imelijua jambo hili zamani. Tauni ya Amwas ilipoikumba Shamu, Sayyidna Umar alifika Sargh na jeshi lake akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Kisha Abdurrahman bin Awf akawakumbusha agizo la Mtume, rehema na amani zimshukie: msiingie palipo na tauni, na mkiwa ndani msitoke kwa kuikimbia. Umar akarudi Madina. Abu Ubayda akabaki na watu wake mpaka tauni ikamchukua. Ukiwatazama haraka utadhani wamepingana. Mmoja alikataa kuwapeleka watu kwenye ugonjwa, mwingine alikataa kuutoa ugonjwa kwa watu. Wote wawili walikuwa na huruma, na wote waliisikiliza elimu.

Kwa hiyo mwenye kusema "nina tawakkul" kisha akamwosha maiti wa Ebola kwa mikono mitupu, ameacha ngamia bila kumfunga. Wanazuoni wengi wamesema kwamba kuosha kukileta madhara huondoka na badala yake ikawa tayammamu, na hata hiyo ikiwa hatari huachwa. Sala na dua hubaki. Maiti hapungukiwi kitu mbele ya Mola wake. Na mwenye kusema "wafungiwe mpaka, wafie kwao" naye amepotea upande wa pili. Mto Lhubiriha umepita katikati ya watu wa damu moja, Bakonzo huku na Banande kule. Mgonjwa wa ng'ambo ni mjomba wa mtu wa huku.

Ndugu zangu, baadhi yetu kesho tutakuwa madaktari na wauguzi, wengine maimamu na walimu. Ugonjwa ukija kijijini, watu watatuuliza sisi. Tusiwaambie waache kupenda. Tuwafundishe namna ya kupenda bila kuua: nani wa kupigiwa simu, nani wa kumgusa mgonjwa na kwa vazi gani, na vipi tunamzika mpendwa wetu kwa heshima. Na familia iliyofiwa tusiiongezee msiba kwa lawama. Waliokufa kwa tauni, Mtume ametubashiria daraja la mashahidi.

Wallahu a'lam.