Wakili wa Fedha Isiyo Yake

Hapa Pemba neno ruzuku linajulikana hata vijijini. Akina mama wanaotaka kufundishana haki zao za ardhi, au wazazi wanaodai shule iwapokee watoto wao wenye ulemavu, huunda kikundi, wakaandika andiko la mradi na kulipeleka kwa shirika linalotoa fedha. Mojawapo ni Foundation for Civil Society la Dar es Salaam, lililoanza kazi mwaka 2003, ambalo husaidia vikundi vya Bara na vya Visiwani kwa fedha za wahisani. Mashirika ya namna hii hupokea maombi mengi kuliko fedha zilizopo, na watumishi wake hulazimika kuchagua. Twajiuliza: mtu aliyeajiriwa kugawa fedha za kutetea haki, naye si mwenye fedha, anadaiwa nini mbele ya Mungu?

Joseph Rowntree, mwenye kiwanda cha chokoleti mjini York, Uingereza, alianzisha mifuko yake mwaka 1904. Aliona kwamba watu hutoa upesi kuwapikia maskini supu, bali wachache hutoa ili ijulikane kwa nini maskini wana njaa. Alikuwa wa dhehebu la Marafiki, yaani Quakers, ambao wenzao walikuja Pemba mwaka 1897, mwaka wa amri ya kuondoa utumwa katika visiwa hivi, ili kuwasaidia walioachwa huru. Hata hivyo, mwaka 2021 mfuko mmoja wenye jina lake ulikiri hadharani kwamba kampuni ile ilinufaika na kazi ya watu wasio huru. Sisi tunaoishi kati ya mikarafuu twalielewa jambo hilo. Fedha inayoitwa msaada yaweza kuwa na jasho la mtu ambaye hakulipwa.

Kwa hiyo mtumishi wa shirika asijidhanie kuwa mfadhili. Jirani zetu Waislamu wanajua kwamba msimamizi wa wakfu hamiliki hata mnazi mmoja wa wakfu ule. Naye Mtakatifu Paulo afundisha kwamba wakili hutakiwa awe mwaminifu.

Uaminifu huo hupimwa wapi? Wengi watasema, katika hesabu. Ni kweli, lakini hesabu hukaguliwa na mwenye fedha. Aliyenyimwa hana mkaguzi. Amekesha akiandika, amechangisha nauli ya mashua, kisha hupata jibu la mkato, au hapati kabisa. Twaona kuwa hapo ndipo wakili hupimwa. Hatuwezi kupigania haki za watu huku tukiwanyima hata haki ya kujua sababu.

Mtu aweza kusema kwamba maombi ni mengi na watumishi ni wachache. Ndiyo, lakini mistari miwili ya Kiswahili chepesi, yenye sababu ya kweli, haimshindi mtu. Na mwombaji naye asiandike yale tu anayodhani mwenye fedha anapenda kuyasikia, maana huo nao ni uongo.

Wala tusiwanyoshee vidole watu wa ofisini peke yao. Nasi twagawa sadaka ya maskini katika parokia zetu. Yule tusiyempa Jumapili hii, je, tumemwambia kwa nini, tena kwa heshima? Bwana atakapotuita tutoe hesabu ya uwakili wetu, huenda akamwita yeye kuwa shahidi.